Sabuni ya mche kwa mawese: kilo yako ya kwanza, hatua kwa hatua

Kila nikianika sabuni barazani, hapiti mtu bila kuuliza. Na maswali ni yaleyale. Kostiki haiunguzi mikono? Unapima kwa kopo gani? Magadi hayafai? Mbona ya kwangu imebaki uji mpaka leo? Nimeyajibu nikiwa sokoni Mwanga, nimeyajibu kwa simu usiku, nimeyajibu mpaka msibani. Sasa nimeyaandika.

Huu ni mwongozo wa kutengeneza sabuni ya kufulia, kuoshea vyombo, na ukiivumilia ikomae vizuri, hata ya kuogea. Mafuta ni yetu haya ya mawese yanayopatikana kila kona ya Kigoma. Huhitaji umeme wala jiko la gesi, na wala huhitaji zile kemikali nne au tano unazotajiwa kwenye semina za ujasiriamali. Unahitaji mafuta, kostiki (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), maji na mizani.

Nasema mizani kwa makusudi. Wengi wanadhani ufundi wa sabuni uko kwenye kukoroga. Kukoroga hata mtoto wa darasa la tano anaweza, ingawa hapa usimruhusu. Ufundi uko kwenye gramu.

Mara yangu ya kwanza nilipima kostiki kwa kopo la maziwa ya unga, kama jirani alivyonielekeza. Yake ilitoka nzuri. Yangu ikatoka ngumu kama kigae, ina unga mweupe, nikajisifu. Dada yangu akafulia mashuka mawili. Jioni vidole vyake vilikuwa vyekundu na ngozi inabanduka kwenye maungio. Nilipokaa kutafuta kosa ndipo nikagundua: kostiki ya jirani ilikuwa vipande bapa, vikubwa, vinaacha nafasi kwenye kopo. Yangu ilikuwa punje ndogo kama mtama. Kopo ni lilelile, uzito si uleule. Tangu siku hiyo kopo nimeliachia unga wa sembe.

Utaniambia bibi zetu walipika gwanji, sabuni yetu ya kienyeji ya mawese, bila mizani. Kweli. Lakini bibi alikuwa ameshapika mara nyingi kuliko umri wako, na aliijua sabuni kwa kuiangalia inavyotiririka. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Nunua mizani.

Jambo moja kabla ya yote

Kostiki soda nyumbani usiikatishe ukaiita "soda". Iite kostiki. Mtoto akisikia "mama ameweka soda juu ya kabati", yeye anajua soda ni ile ya chupa yenye mapovu. Kostiki ikiingia mdomoni inaunguza koo na umio, na jeraha lake halifutiki. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, andika SUMU kwa kalamu ya wino mzito, weka juu mahali pa kufungwa kwa kufuli. Usiimimine hata dakika moja kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya juisi.

Vitu vya kuwa navyo

- Mawese, gramu 1,000. Ni kilo moja, si lita moja. Lita ya mawese ina uzito wa gramu 900 hivi, kwa hiyo ukipima kwa chupa ya lita umepunja mafuta na kostiki imezidi.
- Kostiki (jina lake la dukani ni kostiki soda, kikemia hidroksidi ya sodiamu), gramu 130.
- Maji, gramu 300. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya ziwani na ya visima vingi yana chokaa na madini yanayokula sabuni kabla hujafua.
- Chumvi, gramu 10, kama vijiko viwili vidogo vya chai. Ya Uvinza inatosha kabisa. Inasaidia mche kuwa mgumu.
- Mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja moja. Mizani ya sokoni ya kupimia nyanya haifai kwa kostiki.
- Ndoo ndogo ya plastiki nene ya kuyeyushia kostiki. Si chupa ya maji iliyokatwa. Ile hulegea kwa joto na kukumwagikia miguuni.
- Ndoo nyingine au sufuria ya stenlesi ya kuchanganyia.
- Mwiko wa mbao au wa plastiki ngumu, wa kazi hii tu. Ukishaingia kwenye kostiki haurudi kwenye ugali.
- Boksi la mbao au la plastiki la kugandishia, limetandikwa nailoni ndani.
- Glavu za mpira ndefu, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole. Kandambili hapana.
- Ndoo nzima ya maji safi pembeni. Hii si ya sabuni, ni ya kukuokoa.

Na kitu ambacho hakitakiwi kuwepo kabisa: sufuria la alumini. Haya masufuria yetu ya kawaida ya kupikia wali, kostiki inayala. Inachemka, inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na sufuria linatoboka. Mabeseni ya bati na vijiko vya alumini, hivyo hivyo.

Kuhusu mawese yenyewe, usinunue ya bei ya chini kabisa bila kuyaangalia. Weka kijiko kwenye kikaango cha moto: yakipasuka pasuka kwa kelele, yana maji. Hayo unayapeleka nyumbani, unayachemsha kwa moto mdogo mpaka kelele ziishe, unayaacha yatulie na kuyachuja kwa kitambaa ndipo unayapima. Mawese yaliyokaa muda mrefu na kuanza kuchachuka yanatoa sabuni, ila yanaganda haraka sana mkononi. Kwa mara ya kwanza tafuta mapya.

Hatua

1. Chagua siku na mahali. Fanya nje, kwenye kivuli, upepo ukupige mgongoni. Watoto wawe shule au kwa bibi yao, kuku wafungiwe. Siku ya mawingu ya mvua ahirisha. Chumba kisicho na madirisha hakifai, kwa sababu kostiki inapoyeyuka hutoa mvuke unaokwangua koo.

2. Yeyusha mawese yote, mpaka ya chini. Watu wengi wanakosea hapa bila kujua. Angalia kidumu cha mawese kilichokaa siku mbili: juu kuna mafuta mekundu, mepesi, na chini kumetulia uji mzito wa rangi ya chungwa. Ukimimina ya juu tu kwa sababu ndiyo yanayomiminika, umechukua nusu nyepesi, na ile inayoipa sabuni ugumu umeiacha kwenye kidumu. Weka kidumu kizima kwenye beseni la maji ya moto, kitikise mara kwa mara mpaka yote yawe rangi moja. Ndipo upime gramu 1,000 kwenye ndoo ya kuchanganyia.

Kumbuka kupima ndoo tupu kwanza, au bonyeza kile kitufe cha mizani kinachorudisha sifuri. Nimeshaona mtu akipima mafuta pamoja na ndoo.

3. Pima maji, weka chumvi. Gramu 300 za maji kwenye ile ndoo nene ya plastiki. Koroga chumvi iyeyuke yote kabla kostiki haijagusa maji.

4. Vaa glavu na miwani, pima kostiki. Gramu 130, kwenye chombo kikavu cha plastiki. Funga mfuko mara moja, maana kostiki inanyonya unyevu wa hewa. Ikiwa imeshashikana mabonge na inatoa majimaji, imepoteza nguvu na gramu zako zitakudanganya. Usijaribu kukisia nyongeza. Nunua nyingine.

5. Kostiki ndani ya maji. Kamwe si maji juu ya kostiki. Sema kwa sauti kama unavyomfundisha mtoto: kostiki inaingia kwenye maji. Mimina kidogo kidogo huku unakoroga taratibu, uso umeugeuza pembeni. Ukifanya kinyume, maji machache yanayotua juu ya kostiki nyingi huchemka ghafla na kukurukia usoni.

Maji yatapata joto kali bila moto wowote, karibu na kuchemka. Usishtuke. Yatakuwa meupe kama maji ya mchele, kisha yatatakata. Iache ndoo ikae ndani ya beseni la maji baridi ipoe. Usiondoke pale. Mimi hukaa kwenye kigoda nikichambua maharage, lakini macho yangu yako kwenye ndoo.

Hapa ndipo watu huuliza kama kostiki ni lazima ilowekwe siku tatu. Si lazima. Inatakiwa iyeyuke yote na ipoe, basi. Kuloweka siku tatu kunakupa siku tatu za hatari ndani ya nyumba na hakuna unachoongeza.

6. Sawazisha joto. Mafuta na maji ya kostiki vyote viwe vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, kwenye nyuzi 40 hadi 45 kama una kipimajoto. Kama huna, shika ndoo kwa nje, upande, bila kutia kidole ndani. Mafuta yakiwa yamepoa mpaka yameanza kuganda, yapashe tena kidogo.

7. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta. Mkondo mwembamba, polepole, huku unakoroga. Rangi itabadilika papo hapo kutoka nyekundu ya mawese kwenda chungwa iliyofifia, kama boga lililopondwa.

8. Koroga mpaka iweke alama. Koroga upande mmoja au pande zote mbili, haijalishi. Sijui nani alianzisha habari ya kwamba ukigeuza mkono sabuni inakataa. Kinachotakiwa ni usiache mafuta yakatulia chini wala pembeni. Kwa mkono, dakika 20 hadi 45. Chapa taratibu, usirushe matone.

Utajua imefika hivi: mwanzoni ni nyepesi kama chai ya maziwa. Baadaye inakuwa kama uji mwepesi wa ulezi. Inua mwiko, acha tone lidondoke juu. Likizama bila kuacha kitu, endelea. Likiacha mstari unaoonekana kwa sekunde kadhaa kabla haujapotea, imefika. Usisubiri iwe ugali.

Kama unataka harufu, sasa ndiyo wakati wake. Mafuta ya mchaichai, gramu 10 hadi 20. Marashi ya dukani ya kujipulizia usiweke, mengi yana spiriti na yanaweza kuigandisha mkononi.

9. Mimina kwenye boksi, funika. Gonga boksi chini mara mbili tatu hewa itoke. Funika kwa nailoni, halafu kitenge cha zamani. Kwa joto la hapa Kigoma mjini blanketi si lazima. Walioko Kasulu na Buhigwe, kwenye baridi, waweke. Acha saa 24. Itapata joto yenyewe ndani, hiyo ni kazi yake.

Vyombo usivioshe siku hiyo kwa mikono mitupu. Vilivyobaki na uji wa sabuni viache mpaka kesho, vitakuwa vimeshaganda, utavibandua na kuviosha kwa urahisi. Glavu bado ziko mkononi.

10. Kata kwa wakati. Mawese hutoa sabuni ngumu, na ikipitiliza haikatiki, inapasuka. Baada ya saa 24 bonyeza kwa kidole chenye glavu. Ikiwa kama siagi iliyopoa, kata. Ikiwa bado inanata, iongeze nusu siku. Kisu cha jikoni huwa kinaburuza na kuchana. Mimi natumia mshipi wa kuvulia: nafunga vijiti viwili kwenye ncha zake, nauvuta chini taratibu, mche unatoka na pembe kali kama uliokatwa kiwandani. Mshipi huo unapatikana Kibirizi kwa hela ya karanga.

Kilo moja ya mafuta inakupa kama gramu 1,400 za sabuni mbichi. Ikikauka itapungua, utabaki na vipande 12 hivi vya gramu 100.

11. Anika, usubiri. Wiki nne hadi sita. Panga vipande visigusane, kwenye chanja au wavu, kivulini, penye upepo. Usitumie chanja cha dagaa. Nilifanya hivyo mara moja, na shuka zangu zilinukia mwalo mpaka zikachakaa. Geuza kila baada ya siku tatu nne. Masika, kuanzia mvua za Novemba mpaka Aprili, ongeza wiki mbili, maana hewa yenyewe imelowa.

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi kuliko ile ya kostiki. Sabuni imeshakatwa, inapendeza, na ndani ya nyumba hakuna hata kipande cha kuoshea sahani. Vumilia. Kostiki nyingi inakuwa imeshaungana na mafuta ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, lakini maji bado yako ndani, na sabuni yenye maji huyeyuka kwenye beseni kabla hujamaliza kola ya shati. Chukua kipande cha karatasi, andika tarehe, kibandike kwenye chanja. Kichwa chako kitakudanganya.

12. Pima kabla ya kumpa mtu yeyote. Lowesha kidole, sugua kwenye sabuni, gusa ncha ya ulimi kidogo tu, tema, suuza mdomo. Ikikuonjesha ladha mbaya ya sabuni, sawa. Ikikupiga mshtuko mkali kama kulamba kichwa cha betri, bado ina kostiki huru. Usifanye jaribio hili kabla ya siku tatu, na usimpe mtoto akufanyie.

Ukitaka povu zaidi

Mawese peke yake husafisha vizuri ila povu lake ni dogo na la mafuta. Mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kiini cha mbegu ya chikichi, ndiyo yanayoleta povu jingi. Changanya mawese gramu 750 na mise gramu 250. Hapo kostiki inabadilika: gramu 140, si 130, kwa sababu mise yanakula kostiki zaidi. Maji gramu 300 vilevile. Usizidishe mise kwenye sabuni ya kuogea, yanakausha ngozi.

Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Ukipata alizeti au nazi, usichukue hesabu ya mawese ukaihamishia huko. Mimi hapa nimekupa hesabu ya mawese na mise tu, na kwenye zote mbili nimepunguza kostiki kidogo makusudi, ili mafuta ndiyo yabaki na si kostiki. Ukitaka kilo mbili, zidisha kila kitu mara mbili. Kilo kumi usianze nazo.

Ajali

Ikikumwagikia kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na mwagia maji mengi kwa dakika 20. Usipake siki, ndimu, wala mawese. Jichoni ni maji tu, kope zimefunguliwa, dakika 20 bila kukatisha, halafu hospitali hata kama unaona nafuu. Aliyemeza asukutue mdomo kwa maji, asitapishwe, apelekwe hospitali haraka, na pakiti ya kostiki iende naye waione. Kutapisha kunaunguza koo mara ya pili.

Maswali ninayoulizwa sana

*Magadi hayawezi kufanya kazi ya kostiki?* Hapana. Magadi yanalainisha maharage na kufua doa, lakini nguvu yake ni ndogo. Utakoroga mpaka magharibi, utapata mafuta yenye maji.

*Na majivu?* Majivu ya maganda ya ndizi au ya vikole vya chikichi yaliyochujwa kwa maji hutoa sabuni kweli, ila laini, ya kuchota kwa kijiko, kwa sababu alkali yake ni ya potasiamu. Nguvu yake haipimiki kwa mizani ya jikoni. Siku nyingine.

*Mafuta niliyokaangia migebuka?* Kwa sabuni ya kufulia, ndiyo, kama ni mawese. Yachemshe na maji yenye chumvi, yaache usiku kucha, asubuhi toa mafuta yaliyoelea juu, yachemshe tena kwa moto mdogo mpaka kelele za maji ziishe, chuja. Harufu itapungua, haitakwisha. Mwenyewe utaamua.

*Rangi ya mawese haishiki nguo nyeupe?* Povu lake linaweza kuwa na unjano kidogo, na kwa shati la shule mimi husuuza mara mbili. Rangi ya mche hufifia yenyewe kadiri unavyokaa kwenye mwanga. Usiyachemshe mawese mpaka yawe meupe ili upate sabuni nyeupe. Joto linalotakiwa kufuta ile rangi ni kubwa mno, na mafuta ya joto hilo ni moto wa nyumba.

*Naweza kuuza?* Jirani akiomba kipande mpe. Biashara ni jambo jingine: bidhaa inatakiwa kukaguliwa na kuthibitishwa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na wajasiriamali wadogo huanzia ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Kwanza tengeneza mara kumi za nyumbani zinazofanana.

Imeharibika. Nifanyeje?

*Imejitenga, mafuta juu na maji chini.* Hukukoroga vya kutosha, au ilipoa mno. Kama ni siku hiyohiyo, vaa glavu, rudisha yote kwenye ndoo, weka ndoo ndani ya beseni la maji ya moto, koroga tena mpaka iweke alama. Yale maji ya chini ni kostiki tupu, usiyamwage uani.

*Imeganda ghafla mkononi.* Mafuta yalikuwa yamechachuka, au ulitia marashi. Shindilia kwenye boksi kwa mwiko haraka. Itatoka mbaya wa sura, kazi itafanya.

*Ina unga mweupe juu.* Kama ni tabaka jembamba tu na ulimi haukupigwa mshtuko, ni hewa iliyogusana na kostiki ya juu ilipokuwa mbichi. Kwangua au futa kwa kitambaa chenye maji. Kama kuna mishipa au mifuko myeupe ndani ya mche, au inatoa majimaji yanayowasha, hiyo ni kostiki isiyochanganyika. Hiyo haitumiki.

*Inachoma ulimi hata baada ya wiki nne.* Kostiki imezidi. Vaa glavu, ikwangue kwa kikwangulio (cha stenlesi), iweke kwenye sufuria ya stenlesi, sufuria yenyewe ikae ndani ya maji yanayochemka, ongeza maji kikombe kimoja cha chai na mawese gramu 50. Koroga mpaka iwe uji mzito wa kushikana, mimina tena kwenye boksi, anika wiki mbili, pima tena. Ikiendelea kuchoma, rudia na gramu 50 nyingine. Sabuni ya dada yangu ile ya kopo niliirudia mara tatu.

*Ni laini, inabonyea kama mkate.* Mara nyingi ni maji yaliyozidi, au kostiki iliyokuwa imeshanyonya unyevu. Iache wiki mbili zaidi. Ikikataa kabisa kukauka na inaacha mafuta mkononi, ni kostiki pungufu. Kwangua, loweka kwenye maji, fanya ya kusugulia sakafu.

*Inapasuka na kubomoka wakati wa kukata.* Umechelewa, au kostiki imezidi. Ulimi utakuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Ikiwa ni kuchelewa tu, kusanya vipande, vifunge kwenye kipande cha neti ya vitunguu, na hicho ndicho dodoki lako la kuoshea masufuria.

*Inanuka mafuta ya zamani baada ya miezi mitatu.* Ilihifadhiwa penye joto, au ilifungwa kwenye nailoni kabla haijakauka. Ifulie nguo za shamba uimalize. Inayofuata ifunge kwa gazeti, si kwa nailoni, iweke kabatini mbali na jiko.

*Haitoi povu kabisa, na mafuta nilipima sawa.* Badilisha maji kabla hujabadilisha sabuni. Fua leso moja kwa maji ya ziwani, nyingine kwa maji ya mvua uliyokinga batini, kwa mche uleule.